Mbwa Mwenye Kifafa Nyumbani: Somo la Malezi, Dawa na Usalama kwa Kaya za Mwambao wa Ziwa Victoria

Somo hili linahusu mnyama, lakini limeandikwa kwa ajili ya watu. Mbwa mdogo anayeishi ndani ya ua, akilala karibu na watoto na kula mabaki ya ugali na dagaa, ni sehemu ya kaya. Anapoanguka chini, akakakamaa na kutokwa na mate, kaya nzima huingia katika taharuki. Wapo watakaosema ameshikwa na kichaa, wapo watakaosema amelogwa, na mara nyingi yupo atakayekwenda kuchukua rungu. Uamuzi unaofanywa katika saa ile ya kwanza unaweza kumponza mnyama asiye na hatia. Unaweza pia kumponza mtoto aliyeng'atwa ambaye hakuna aliyekumbuka kumpeleka zahanati.

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya na mwenye mbwa waweze: kutofautisha kifafa cha mbwa na kichaa cha mbwa, kumhudumia mbwa wakati wa degedege bila kujiumiza, kuelewa matumizi ya dawa ya kila siku, na kulinda dawa ya binadamu isiliwe na mnyama pale ambapo kaya moja ina wagonjwa wa aina zote mbili.

Kifafa ni nini?

Ubongo wa mbwa, kama wa binadamu, hufanya kazi kwa chembe za neva zinazopelekeana ishara za umeme kwa mpangilio. Degedege hutokea pale kundi la chembe hizo linapotoa ishara nyingi kwa pamoja, bila mpangilio. Mwili hukakamaa, miguu hupiga kama ya anayeogelea, taya hubana, mate humwagika, na mara nyingi mkojo au kinyesi hutoka. Tukio hili kwa kawaida huchukua dakika moja hadi mbili. Baada yake mbwa huwa kama aliyepotewa: huzunguka, hugonga ukuta, huonekana haoni, hushikwa na njaa au kiu kali. Hali hiyo inaweza kudumu kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, kisha mnyama hurudi kuwa yule yule wa jana.

Degedege moja haliitwi kifafa. Kifafa ni mwelekeo wa ubongo kupata degedege zinazojirudia. Kwa mbwa wengi ambao degedege zao zinaanza kati ya umri wa miezi sita na miaka sita, na ambao uchunguzi hauonyeshi ugonjwa mwingine, chanzo huhesabiwa kuwa cha kurithi au kisichojulikana. Degedege zinapoanza kabla au baada ya umri huo, daktari wa mifugo hutafuta kwanza sababu nyingine: sumu, maambukizi, upungufu wa sukari kwa watoto wa mbwa wadogo wa umbo, ugonjwa wa ini, au uvimbe katika ubongo wa mbwa mzee.

Kwa binadamu hali ni hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila degedege iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro. Alikuta watu waliotengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga, kwa sababu jirani waliogopa kwamba kumgusa mgonjwa au mate yake kungewaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kiwe cha mtu au cha mbwa. Ila kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, na hapo ndipo hofu ya watu ina sababu yake. Ndiyo maana swali linalofuata hutangulia maswali mengine yote.

Swali la kwanza: je, ni kichaa cha mbwa?

Kichaa cha mbwa bado kipo katika Kanda ya Ziwa na mikoa jirani. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, ambako watafiti walifuatilia mbwa mmoja mmoja kutoka mng'ataji hadi mng'atwa, ulionyesha kwamba virusi hukaa mwilini mwa mbwa kwa wastani wa siku zipatazo 22 kabla ya dalili, na kwamba mbwa akishaanza kuugua huishi kwa wastani wa siku zipatazo tatu tu. Takwimu hizi mbili ni nyenzo nzuri kwa mhudumu wa afya. Kichaa hakina mapumziko. Kikishaanza, husonga mbele siku hadi siku mpaka kifo. Kifafa huja na kuondoka.

Kwa hiyo mwulize mwenye mbwa maswali matano.

Kwanza, hali hii imeanza lini? Mbwa ambaye amekuwa akianguka mara moja moja kwa miezi minne, na bado anakula, hana kichaa.

Pili, kati ya tukio na tukio anakuwaje? Mwenye kifafa hurudia tabia yake: humtambua bwana wake, hunywa maji, hubweka kwa sauti yake ya kawaida. Mwenye kichaa hubadilika: mkali huwa mpole kupita kiasi au mpole huwa mkali, sauti hubadilika, kumeza humshinda, taya ya chini hulegea, miguu ya nyuma hukosa nguvu.

Tatu, amemng'ata mtu au mnyama bila kuchokozwa, au ameondoka nyumbani akitangatanga?

Nne, amechanjwa? Kadi ya chanjo iko wapi, na tarehe yake ni ipi?

Tano, katika wiki na miezi iliyopita alipigana na mbwa mgeni, au alikutwa na jeraha ambalo chanzo chake hakikujulikana?

Iwapo majibu yana shaka yoyote, hasa kwa mbwa asiyechanjwa anayepata degedege kwa mara ya kwanza, mchukulieni kuwa ni mshukiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Afungiwe peke yake mahali salama, asishikwe kwa mikono mitupu, apewe maji na chakula bila kuguswa, na afisa mifugo wa kata aitwe. Mbwa aliyemng'ata mtu hufuatiliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa virusi katika mate siku aliyong'ata.

Kufuatilia mbwa si sababu ya kumchelewesha mtu. Aliyeng'atwa, au aliyelambwa kwenye mchubuko au machoni, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu ndiye atakayeamua kuhusu chanjo, na chanjo inaweza kusitishwa baadaye iwapo mbwa ataonekana mzima. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna hesabu inayoruhusu kusubiri.

Jambo moja zaidi ambalo mara nyingi husahaulika: mbwa mshukiwa asipigwe kichwani. Kipimo cha kichaa hufanywa kwenye ubongo. Kichwa kilichopondwa kwa rungu huharibu ushahidi ambao familia ya aliyeng'atwa inauhitaji. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo jijini Mwanza, na afisa mifugo anajua namna ya kupeleka sampuli.

Sababu nyingine za degedege katika mwambao wetu

Sumu. Kanda yetu ni ya pamba na ya mifugo. Viuatilifu vya shambani na dawa za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe huhifadhiwa majumbani, mara nyingi katika chupa za soda. Mbwa mdogo wa kilo tano au sita huhitaji kiasi kidogo sana cha dawa ya kundi la oganofosfeti ili adhurike, na wengine huogeshwa kwa dawa ya ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia. Dalili zake huja ghafla: mate mengi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kucheza, kisha degedege. Hapa kila dakika ina thamani. Mbwa apelekwe kwa daktari pamoja na chombo cha dawa iliyotumika. Na mhudumu wa afya aulize pia: je, watoto wamecheza mahali hapo hapo?

Nagana na malale. Katika maeneo yenye ndorobo, vimelea vya jamii ya tripanosoma vinaweza kuingia kwenye ubongo wa mbwa. Homa, kukonda, macho kuwa na ukungu na kuvimba uso hutangulia au huambatana na dalili za neva. Mbwa aliyewahi kwenda porini na wachungaji au wawindaji apimwe damu.

Distempa. Ugonjwa huu wa virusi huwapata zaidi mbwa wachanga wasiochanjwa. Huanza na homa, makamasi na tongotongo zito, kikohozi na kuhara, na wiki chache baadaye, wakati mwingine baada ya mnyama kuonekana amepona, hushambulia mfumo wa neva. Haumpati binadamu kama ugonjwa, lakini si wa kupuuzwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja ya simba wote wa hifadhi hiyo walikufa, wengi wakionekana wakipata degedege. Chanzo kilichoshukiwa ni mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi. Kumchanja mbwa mmoja wa Magu au Bunda ni tendo linalofika mbali kuliko ua wa mwenyewe.

Wakati wa degedege: la kufanya na la kuacha

Tazama saa. Dakika mbili za degedege huonekana kama nusu saa kwa anayetazama, na daktari atahitaji muda halisi.

Ondoa hatari. Sogeza viti, zima jiko la mkaa au litenge, mwondoe mbwa kwenye ngazi. Katika makazi yetu ya mlimani, ambako nyumba zimejengwa juu na kati ya mawe, mbwa anaweza kuporomoka. Mvute kwa kushika kiunoni au kwa kutumia blanketi, ukiwa nyuma ya mgongo wake.

Usitie mkono mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, na mtu hamezi ulimi wake. Taya iliyobana itakata kidole bila mbwa kujua. Usitie kijiko, kitambaa, maji wala dawa ya kunywa.

Punguza mwanga na kelele. Watoto watoke nje. Redio izimwe.

Usimmwagie ndoo ya maji. Iwapo degedege limeendelea na mwili umekuwa moto, tumia kitambaa chenye maji ya kawaida kwenye makwapa, tumbo na nyayo.

Baada ya degedege, mwache apumzike. Asikumbatiwe mara moja, kwani katika mkanganyiko anaweza kumng'ata hata anayempenda. Akishasimama na kumeza vizuri, apewe maji kidogo, kisha chakula kidogo.

Hali tatu ni za dharura: degedege linalozidi dakika tano, degedege mbili au zaidi ndani ya saa 24, na degedege linalofuatwa na jingine kabla mbwa hajapata fahamu. Hapo ubongo hupata joto na kukosa oksijeni, na madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu. Daktari wa mifugo anaweza kutoa daiazepamu kwa njia ya haja kubwa au ya mshipa. Msafiri wa visiwani, kwa mfano wa Ukerewe, apange mapema na daktari wake nini kifanyike usiku ambao hakuna kivuko.

Dawa ya kila siku

Si kila mbwa mwenye kifafa huanzishiwa dawa. Anayepata degedege moja fupi kwa mwaka anaweza kufuatiliwa tu. Dawa huanza pale degedege zinapotokea mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, zinapokuja kwa mfululizo, zinapodumu muda mrefu, au pale mkanganyiko wa baadaye unapokuwa mkubwa.

Dawa inayotumika zaidi ni fenobabitoni. Ilianza kutumika kwa wagonjwa wa kifafa mwaka 1912, na mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni dawa ya gharama nafuu, na ni dawa inayodhibitiwa kisheria, kwa hiyo haipaswi kununuliwa wala kutolewa bila cheti. Kwa mbwa, kipimo cha kuanzia kwa kawaida ni miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 6 basi hupata miligramu 15 hadi 18 asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni. Mbwa mdogo hana nafasi ya makosa: kosa la nusu kidonge ambalo mbwa mkubwa angelivumilia, kwake ni dozi maradufu. Apimwe kwa mizani, asikadiriwe kwa macho. Njia rahisi ni mtu kupanda mizani akiwa amembeba, kisha kupanda peke yake, na kutoa.

Mambo manne yaeleweke na kila anayempa mbwa dawa hii.

La kwanza, haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Kiwango chake katika damu hutulia baada ya wiki mbili hivi. Degedege la siku ya tano si ushahidi kwamba dawa imeshindwa.

La pili, wiki za mwanzo mbwa huwa mzito wa usingizi na huyumba, lakini hali hii hupungua. Kiu, njaa na kukojoa sana huweza kubaki. Asinyimwe maji. Njaa yake isitufanye tumnenepeshe, kwani mwili ukiongezeka hesabu ya dawa nayo hubadilika.

La tatu, dawa hupita kwenye ini. Vipimo vya damu hufanywa wiki chache baada ya kuanza, kisha kila baada ya miezi sita inapowezekana. Macho ya njano, kutapika kunakoendelea au tumbo kujaa ni sababu ya kurudi kwa daktari mara moja.

La nne, isikatishwe ghafla. Ubongo uliozoea dawa, ukiikosa kwa siku chache tu, unaweza kuingia katika degedege lisilokoma. Kanuni hii haina tofauti kati ya mbwa na mtoto.

Dawa nyingine za kifafa za binadamu hazihamishiki kwa mbwa. Mwili wa mbwa huondoa fenitoini, karbamazepini na valproeti kwa haraka mno, hata kiwango chake katika damu hakitulii. Kuzitoa ni kupoteza dawa bila kumlinda mnyama. Na dawa za maumivu tulizonazo majumbani, yaani parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kumdhuru mbwa mdogo vibaya. Asipewe bila agizo la daktari wa mifugo.

Kaya moja, wagonjwa wawili

Tuchukue mfano wa kufundishia. Katika kaya moja mna mtoto mwenye kifafa, uzito wake kilo 15, anayetumia kidonge kimoja cha fenobabitoni cha miligramu 30 kwa siku. Hupewa vidonge 30 kwa mwezi. Mna pia mbwa wa kilo 6 aliyeanza kuanguka. Mama ameona dalili zinafanana, na amesikia kwamba dawa ni ile ile. Siku ya 15 anarudi kliniki.

"Nesi, shikamoo. Dawa ya mtoto imeisha."

"Marahaba, mama. Pole na safari. Mara ya mwisho ulipata za mwezi mzima. Kuna zilizoanguka, au kuna mwingine nyumbani anayezihitaji?"

Mama ananyamaza kidogo. "Kuna mbwa wetu. Naye anaanguka kama mtoto. Nilimwonea huruma."

"Umefanya vizuri kuniambia. Basi tukae tupige hesabu pamoja."

Hesabu yenyewe ni hii. Mbwa wa kilo 6 akipewa nusu kidonge asubuhi na nusu jioni hutumia miligramu 30 kwa siku, sawasawa na mtoto mwenye uzito wa zaidi ya mara mbili ya wake. Mwili wa mbwa huhitaji dawa nyingi zaidi kwa kila kilo. Kwa hiyo mbwa "mdogo" hali makombo ya dawa ya mtoto. Anakula fungu zima la pili. Vidonge vya siku 30 vinakwisha siku ya 15, na kuanzia siku ya 16 wote wawili wanakatishwa ghafla. Huruma ya mama, isiyo na ubaya wowote ndani yake, imeandaa hatari kwa mtoto na kwa mbwa kwa pamoja.

Tazama jinsi muuguzi alivyouliza. Angeuliza, "Mbona unapoteza dawa?" angejibiwa kwamba zimeanguka matopeni, na hatari ingeendelea. Swali la "kuna mwingine nyumbani anayezihitaji?" humfungulia mtu mlango wa kusema kweli. Swali hilo hufaa pia pale ambapo dawa imegawiwa jirani, shangazi au ndugu asiye na kadi.

Hatua zinazofuata ni tatu. Mtoto arejeshewe dozi yake bila kukosa hata siku moja. Mbwa asiachishwe ghafla. Mama aunganishwe siku hiyo hiyo na daktari wa mifugo au afisa mifugo, ili cheti cha mbwa kiandikwe kwa jina la mwenye mbwa na dawa inunuliwe kando. Nyumbani, vikopo viwili vitenganishwe: cha mtoto kiwekwe juu ndani ya nyumba, cha mbwa kiwe na alama yake na kikae mahali pengine, vyote mbali na mikono ya watoto. Na iwapo kaya haina uwezo wa kumnunulia mbwa dawa, jambo hilo lisemwe wazi kwa daktari wa mifugo mwanzoni. Dawa ya mtoto haiguswi kwa sababu yoyote.

Malezi ya siku kwa siku

Saa za dawa. Chagueni saa mbili zinazoendana na ratiba ya kaya, kwa mfano saa moja asubuhi na saa moja jioni. Mtu mmoja awe na dhamana, na mwingine awe msaidizi wake anaposafiri. Kidonge kifichwe ndani ya tonge la ugali au kipande cha samaki kisicho na mwiba, na mbwa atazamwe mpaka ameze.

Daftari. Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, muda, mwili ulifanya nini, alirudi katika hali yake baada ya muda gani, na kama kuna dozi iliyokosekana. Mahali ambapo kipimo cha kiwango cha dawa katika damu hakipatikani kwa urahisi, daftari hili ndilo daktari atakalotumia kuongeza au kupunguza. Video ya simu, hata ya sekunde 30, husaidia kuliko maelezo marefu.

Maji na moto. Mbwa mwenye kifafa asiachwe peke yake ufukweni, kwenye mtumbwi wala kando ya kisima kisichofunikwa. Asilale karibu na mafiga. Mhudumu ayatumie maneno haya haya kumwelekeza mgonjwa binadamu: mvuvi mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa asiende peke yake kuvua dagaa usiku, na mpishi atumie jiko lililoinuliwa, si mafiga ya chini.

Chakula na kupe. Chakula kiwe cha aina moja na kwa saa zile zile. Kupe waondolewe kwa dawa iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Chanjo za kichaa na distempa ziendelee. Kifafa si sababu ya kuziacha, ila daktari aelezwe kabla ya sindano.

Majirani. Waelezwe mapema kwamba mbwa huyu ana kifafa, amechanjwa, na kadi yake ipo. Wapo majirani ambao kwa imani yao hujiepusha na mate ya mbwa. Waheshimiwe kwa kumweka ndani ya ua. Jirani aliyeelezwa mapema hatachukua rungu siku mbwa akianguka mbele yake.

Msuli unaocheza baada ya distempa

Baadhi ya mbwa hupona distempa lakini hubaki na alama moja: mguu, bega au taya hushtuka kwa mpigo ule ule, kama saa, mchana na hata usingizini. Hii si degedege. Mbwa huwa na fahamu zake zote. Dawa za kifafa mara nyingi hazisaidii sana, na hali inaweza kubaki maisha yote. Kama mbwa anatembea, anakula na halii kwa maumivu, anaweza kuishi vizuri. Apewe sakafu isiyoteleza, malazi laini ili kiwiko kisichubuke, na sahani iliyoinuliwa. Uamuzi wa kumwondoa usifanywe kwa sababu tu anatia aibu mbele ya wageni.

Pale dawa inapofika mwisho wa uwezo wake

Lengo la tiba si kufuta kila degedege. Matukio yakipungua kwa nusu au zaidi, yakawa mafupi, na mbwa akawa na siku nyingi njema, tiba imefaulu. Takriban theluthi moja ya mbwa wenye kifafa hawadhibitiwi vya kutosha kwa dawa ya kwanza, na daktari anaweza kuongeza ya pili. Ikiwa hata hivyo degedege zinakuja kila wiki kwa mfululizo, mbwa hamtambui mtu tena, au kaya imeishiwa nguvu na fedha, ni halali kuzungumza na daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu. Mazungumzo hayo yafanywe nyumbani kabla ya usiku wa dharura, na watoto waambiwe ukweli kwa lugha wanayoielewa. Sumu ya panya, kamba na kumtupa mbali si kumpumzisha.

Muhtasari

Kichaa husonga mbele bila kupumzika. Kifafa huja na kuondoka. Penye shaka, mtenge mbwa na mpeleke mtu kituo cha afya. Wakati wa degedege tazama saa, ondoa hatari, na weka mikono mbali na mdomo. Dozi hufuata uzito na saa, na haikatishwi ghafla. Dawa ya binadamu ni ya binadamu.

Maswali ya kujipima

1. Mbwa asiyechanjwa amepata degedege leo kwa mara ya kwanza na amemkwaruza mtoto kwa jino. Taja hatua tatu za saa ya kwanza, kwa mpangilio wake.

2. Mbwa ana kilo 8. Kwa kipimo cha miligramu 2.5 kwa kilo, atahitaji miligramu ngapi asubuhi, na ngapi kwa siku nzima?

3. Mgonjwa wako wa kifafa anarudi kabla ya tarehe akiwa hana dawa. Utamwuliza nini, na kwa maneno gani?

Majibu ya maswali haya yajadiliwe katika kikao cha wahudumu, na ingefaa afisa mifugo wa kata aalikwe.